Mama Usikunje Anaiaga Meza ya Ramani

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mchoraji Ramani Mkuu wa ofisi yetu ya sensa anastaafu baada ya kulitumikia taifa kwa miaka thelathini na mitano na miezi minane. Aliingia kazini tarehe mosi Novemba akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, viatu vya kuazima kwa dada yake, na kalamu tatu za wino zilizofungwa kwenye leso. Anatoka akiwa na miaka sitini, viatu vyake mwenyewe, na kalamu moja kati ya zile tatu. Mbili tulizipoteza sisi wenzake tuliokuwa tukiziazima kwake.

Wote mnamfahamu kwa jina la Mama Usikunje. Vijana wa siku hizi wanadhani ni utani tu wa ofisini, jina la mama mkali kwenye mambo ya karatasi. Ni kweli kwamba ni mkali. Aliwahi kumpokonya mgeni wa heshima ramani mkononi, mkurugenzi akiangalia, kwa sababu mgeni alikuwa anaikunja aitie mfukoni. Mwaka juzi kijana wa takwimu alipokuja na simu ya kisasa inayojikunja katikati, Mama aliiangalia, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hata hiyo?" Shemeji yetu, mume wake, ni fundi cherehani, naye huwa analalamika kwamba ameoa mwanamke asiyetaka kuona mkunjo, ilhali yeye amelea familia kwa kukunja pindo. Nyumbani kwao magazeti hutundikwa kwenye fimbo kama taulo. Nimeyaona kwa macho yangu.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, mtunza ghala la ramani, kazi ya kuandika wasifu huu, kwa kuwa kati ya wote waliobaki ndiye niliyekaa naye muda mrefu zaidi. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba isikatwe aya hata moja. Jina la Usikunje lina chanzo chake. Katika chanzo hicho kuna jambo langu mwenyewe nililolinyamazia kwa miaka ishirini na mmoja, na sikutaka dada huyu atoke getini kabla sijalisema mbele za watu. Jumatatu nilikwenda mezani kwake kumwomba ruhusa. Alifuta miwani, akasema, "Andika, kaka. Ila usiwalize watu, wamekuja kula." Nitajitahidi.

Kwanza kazi yenyewe, kwa ajili ya familia yake na wageni wetu. Watu wengi wanadhani sensa huanza siku karani anapobisha hodi. Sensa huanza miaka miwili kabla ya hapo, kwa penseli. Nchi imegawanywa mikoa, mkoa una wilaya, wilaya ina kata, kata ina mitaa au vijiji. Mipaka hiyo ni ya serikali, imo katika sheria, na sisi hatuigusi. Lakini kijiji kizima hakiwezi kuhesabiwa na karani mmoja. Kwa hiyo kila kijiji na kila mtaa tunaukata tena vipande vidogo vya kaya themanini hadi mia moja, kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kukimaliza kwa siku chache bila kukimbia. Kipande hicho tunakiita eneo la kuhesabia. Kina namba yake, ramani yake na karani wake, na mpaka wake lazima uwe kitu kinachoonekana kwa macho pale chini: barabara, reli, kijito, njia ya miguu.

Masharti makubwa ni mawili. Maeneo yasipandane, maana walio katikati watahesabiwa mara mbili. Na kati ya eneo na eneo pasibaki nafasi hata ya mlango, maana walioko hapo hawatahesabiwa kabisa. Mama Usikunje alikuwa akiwafundisha makarani jambo hili kwa mkeka wa nyumbani kwake. Mkeka hushonwa ukili kwa ukili, na ule wake ulikuwa na mahali mshono umeruka. Alikuwa anaupeleka kwenye darasa zima, kila mmoja apitishe kidole pale. Hakuwa na maelezo mengi. Alisema tu kwamba asiyekuwapo na lake halipo, na kwamba kazi ya meza ya ramani ni kuhakikisha kila mtu yupo.

Katika sensa tatu alizozifanyia kazi, maeneo yaliyopita mkononi mwake yanazidi elfu nne. Amefundisha wachoraji mia tatu na kumi na wawili, na kwa miaka tisa ya mwisho amekuwa mkuu wa kitengo. Vishikwambi na picha za setilaiti zilipoingia, wengi wetu tuliokula chumvi nyingi tulinuna. Yeye alifurahi kuliko vijana, akakizungusha kishikwambi mkononi, akatuambia kwamba hatimaye kimepatikana kitu ambacho mtunza ghala hawezi kukikunja. Watu walicheka sana siku hiyo. Mimi pia nilicheka, na ni mmoja tu aliyejua kwa nini nilicheka nikiangalia chini.

Vituko vya mipaka havihesabiki. Kuna mchoraji mchanga aliyewahi kuandika kwamba mpaka wa eneo lake unaanzia kwenye lori. Lori hilo lilikuwa bovu, limelala kando ya njia kwa miaka kumi na moja, kuku wanatagia ndani, na kijana akaona hiyo ni alama ya kudumu kuliko hata kijito. Wiki ya sensa mwenye lori akapata injini. Karani akafika na ramani yake, akasimama mahali ambapo pana mafuta tu chini, akapiga simu ofisini kuuliza mpaka umekwenda wapi. Wenye ofisi walitaka kijana yule aandikiwe barua. Mama Usikunje alisema kwamba lori lililokaa miaka kumi na moja lingemdanganya hata yeye, akavaa kofia yake ya majani, akapanda gari, akaenda kuonyesha mpaka kwa mkono. Kijana yule leo ndiye mkuu wa ramani wa mkoa, naye yupo hapa ukumbini, na ninajua ananiombea ninyamaze.

Kuna pia nyumba ya wageni iliyojengwa juu ya mpaka, vyumba sita upande huu na sita upande ule. Mwenye nyumba alitaka ahesabiwe pande zote mbili, akiamini ni heshima. Na kuna wenyeviti wawili wa mitaa waliogombania soko, kila mmoja akitaka liwe ndani ya mpaka wake. Mama aliwasikiliza kutwa nzima, akawapa maji ya kunywa, mwisho akawauliza ni watu wangapi wanaolala sokoni usiku wa kuamkia sensa. Hakuna aliyelala sokoni ila mlinzi mmoja, na mlinzi mwenyewe akasema huwa halali.

Sasa nije kwenye chanzo cha jina.

Katika miaka yake ya mwanzo ofisini alikuwapo mpimaji mmoja wa kazi za nje tuliyemwita Mzee wa Hatua, kwa kuwa alipima umbali kwa kutembea, na hatua zake ziliaminika kuliko tepu. Ndiye aliyemfundisha Mama Usikunje kazi. Miaka miwili kabla ya sensa ya kwanza kati ya zile tatu, mzee alileta mchoro wa penseli wa kijiji kimoja cha bondeni. Katikati ya kijiji hicho kulikuwa na njia mbili zinazokwenda sambamba, moja ya kisimani na nyingine ya gulioni. Kati ya njia hizo palikuwa na ukanda mwembamba wa ardhi ya udongo wa mfinyanzi, na juu ya ukanda huo waliishi wafinyanzi. Mzee wa Hatua alizitia nyumba zao zote, kila nyumba nukta moja ya penseli.

Mchoro ule ulipitishwa mikononi mwa watu mwaka mzima. Ulifunguliwa, ukakunjwa, ukafunguliwa tena. Ulipofika kwenye meza ya Mama Usikunje, ambaye wakati huo alikuwa dada mwembamba tu mwenye miaka minne kazini, ulikuwa umekatika vipande viwili pale pale kwenye mkunjo, kingo zimelika na kuwa kama pamba, penseli imefutika. Alifanya alichofanya kila mchoraji wa wakati ule. Aliviweka vipande pamoja, akavipaka gundi, akavibandika. Kwenye ukingo wa kipande cha kushoto palionekana njia. Kwenye ukingo wa kipande cha kulia palionekana njia. Aliona ni njia moja iliyopasuliwa na mkunjo, akazilaza moja juu ya nyingine, zikaenea vizuri. Kisha akachora kwa wino mpaka wa maeneo mawili, kumi na nne na kumi na tano, ukifuata njia hiyo moja.

Sensa ikafanyika. Karani wa eneo la kumi na nne alihesabu watu wake hadi njia ya kisimani, akasimama, kwa kuwa ramani ilisema hapo ndipo mwisho. Karani wa kumi na tano alihesabu wake hadi njia ya gulioni, naye akasimama. Wote wawili walifanya kazi kwa uaminifu na wote wawili walisifiwa. Wafinyanzi wakabaki katikati.

Miaka tisa ilipita kabla mtu hajajua. Tulikuwa tunaandaa sensa ya pili, na Mama Usikunje aliomba mwenyewe kwenda bondeni kuhakiki mipaka, kwa sababu Mzee wa Hatua alikuwa ameshafariki na hakukuwa na mwingine anayekijua kijiji kile. Alifika, akaikanyaga njia, akakuta nyumba mahali ambapo kwenye ramani yake hapana kitu. Akabisha hodi nyumba ya kwanza. Aliyemfungulia alikuwa mama mfinyanzi, mikono imejaa udongo mpaka viwikoni.

Yaliyosemwa pale mlangoni ninayaandika kwa idhini ya mama mfinyanzi mwenyewe, ambaye leo ameketi mstari wa mbele pamoja na wanawe. Mama Usikunje aliuliza, kwa kutaka kuthibitisha tu, kama sensa iliyopita waliandikwa. Mama mfinyanzi alimjibu bila hasira.

"Siku ile tulioga mapema. Niliwavalisha watoto, nikamfunga Bibi kitambaa chekundu kichwani, tukakaa hapa mlangoni. Karani mmoja akapita kule juu, akatupungia mkono. Wa pili akapita kule chini, akatupungia mkono. Tukasema watarudi. Jioni tukavua zile nguo."

Bibi alikuwa mwanawe wa mwisho. Alikuwa na miaka mitano, na walimwita jina hilo kwa kuwa alirithi jina la mama mzaa baba. Miaka miwili baada ya siku ile ya kitambaa chekundu alipata homa, akafariki. Zahanati iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa mwendo wa saa mbili. Ilijengwa kijiji cha pili, kwa sababu hesabu ilionyesha kwamba bondeni watu hawatoshi. Sitasema kwamba zahanati ingemponya mtoto yule. Mama mfinyanzi hajawahi kusema hivyo, na Mama Usikunje hajawahi kujiruhusu kusema sivyo. Ninasema tu kwamba hesabu yetu ilikuwa mojawapo ya karatasi zilizokuwa mezani siku mahali pa zahanati palipochaguliwa.

Mama mfinyanzi aliuliza swali moja. Aliona mgeni ameshika kalamu, akamwuliza, "Na Bibi utamwandika wapi?" Mama Usikunje anasema aliishusha kalamu, na mwenyeji akamletea kigoda.

Aliporudi ofisini hakupitia mezani kwake. Alikuja moja kwa moja ghalani na kuniomba mchoro wa asili wa Mzee wa Hatua. Michoro ile ilikuwa imeshapata amri ya kuteketezwa na mimi kwa uvivu nilikuwa sijaiteketeza, ndio uvivu pekee katika maisha yangu ninaomshukuru Mungu kwa ajili yake. Tuliupeleka dirishani. Akalowesha kitambaa, akakilaza juu ya gundi, tukangoja. Gundi ikaachia. Alipoinua kipande cha juu, chini yake, katika upana wa kidole, zilikuwapo nukta. Zilikuwa zimefifia, nyingine zimefutika kabisa, lakini ishirini na mbili zilihesabika. Mzee wa Hatua hakumwacha mtu hata mmoja.

Mkurugenzi wa wakati ule hakutaka kelele. Alishauri iandikwe kwamba mpimaji wa nje hakufika kwenye ukanda ule, basi, yaishe. Alisema marehemu hapandishwi cheo wala hashushwi. Ulikuwa ushauri mtamu na ulitukalia vizuri wote. Mama Usikunje alimwambia kwamba marehemu hashushwi cheo lakini husemwa, na kwamba yeye hawezi kumsema mtu ambaye nukta zake anaziona. Akakaa, akaandika ripoti ya kurasa mbili kwa mkono wake. Aliandika kwamba mchoro ulifika ukiwa sahihi, kwamba ni yeye aliyeunganisha vipande vibaya, na kwamba kaya zilizokuwa kati ya njia mbili hazikuhesabiwa kwa sababu yake. La kuvunda halina ubani, nasi wengine tulikuwa tumeshashika vyetezo.

Alipewa barua ya onyo. Mara mbili jina lake lilifika kwenye orodha ya kupandishwa cheo, na mara mbili likarudi. Kwa miaka sita alikaa meza ile ile akichora chini ya watu aliowafundisha yeye. Sikumwona akinung'unika. Alichelewa kuwa mkuu wa kitengo kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu ya kutojua kazi, na vijana mnaouliza mara kwa mara sasa mmepata jibu.

Nami nije kwenye langu.

Mzee wa Hatua hakuwahi kukunja mchoro. Aliuleta umezungushwa, amefunga uzi, akanikabidhi mimi. Nilikuwa na miezi sita kazini, msaidizi wa ghala. Kabati letu lilikuwa na droo fupi na nilitaka kumwonyesha mkuu wangu jinsi ninavyojua kupanga vitu. Niliulaza ule mchoro mezani, nikaukunja katikati, nikaupitishia rula juu ya mkunjo mara tatu ili ulale vizuri. Nakumbuka mara tatu. Ulipokuwa unatoka na kurudi, kila mara niliukunja pale pale na kuupitishia rula ile ile, mpaka ukakatika. Na ulipokatika sikumwambia mtu kwamba zamani ulikuwa mzima, na kwamba kati ya ukingo na ukingo kulikuwa na kitu.

Siku ile dirishani, tulipokuwa tunaziangalia nukta, Mama Usikunje aliutazama mkunjo, akanitazama mimi. Alijua. Anajua kila karatasi imepita mikono gani. Nilingoja aseme. Alisema, "Kuangalia ilikuwa kazi yangu." Katika kurasa zake mbili hakutaja ghala, wala droo, wala mimi. Mwaka ule ule alioandikiwa barua ya onyo, mimi nilifanywa mtunza ghala mkuu. Alikuja kunipa mkono wa hongera, na nikaupokea.

Nilikuwa naweza kusema wakati wowote. Ningeweza kusema alipokosa cheo mara ya kwanza, na ningeweza kusema alipokosa mara ya pili. Niliogopa, na baadaye nikazoea kuogopa. Alipoanza kuwaambia watu wasikunje ramani, na wao wakampa jina hilo kwa utani, mimi nilikuwa nalisikia kila siku mara kumi. Neno hilo hakulisema kwa kunichoma, namfahamu, hana tabia hiyo. Lakini lilinichoma. Leo nimelisema: Mama Usikunje alibeba mzigo ambao nusu yake ilikuwa yangu. Mnisamehe ninyi, na mama mfinyanzi anisamehe, kama anaweza. Kwa Mama Usikunje mwenyewe nimeshakwenda Jumatatu, na aliyoyasema baada ya kufuta miwani mmeyasoma.

Kutokana na kosa lile alituachia njia ya kufanya kazi ambayo sasa imo kwenye mwongozo wetu, ukurasa wa tisa. Hakuna mpaka unaohakikiwa na mtu mmoja. Huenda wawili, mmoja akitembea ndani ya eneo hili na mwingine ndani ya eneo la jirani, kila mmoja ameshika mpaka wake kwa upande wake. Kila baada ya hatua chache mmoja huita, "Upo?" Mwenzake huitika, "Nipo." Siku sauti isipofika, kazi inasimama, maana kama hamsikilizani basi katikati yenu kuna nafasi, na kwenye nafasi huenda kuna watu. Njia hiyo tunaiita kutembea kwa sauti. Wanakijiji huwa wanatucheka, watu wazima na kofia zao wakiitana vichakani kama watoto. Kwa njia hiyo, kabla ya sensa ya pili, zilipatikana sehemu nyingine kumi na saba zilizokuwa zimeachwa. Kumi na saba, katika nchi tuliyodhani tumeimaliza.

Ukanda wa wafinyanzi ulihesabiwa sensa ile ya pili. Walikuwa kaya thelathini na moja, watu mia moja na sitini na wanane. Walikuwa wangapi sensa ya kwanza, hakuna ajuaye, na hatutajua. Kwenye ripoti kuu, nyuma kabisa, kuna sentensi moja ya masahihisho. Yeye ndiye aliyepigania iwekwe. Sensa ya tatu walikuwa wameongezeka hata wakapewa eneo lao wenyewe, lenye namba yake, na miaka miwili baadaye likaja jengo dogo la zahanati lenye mlango wa kijani.

Lilibaki lile swali la mlangoni. Mama Usikunje alilirudia dodoso la sensa, akalisoma mstari kwa mstari kama asiyewahi kuliona, naye amelipakia kwenye magari kwa maelfu. Akapata mahali. Kila mwanamke huulizwa amezaa watoto wangapi, wangapi wako hai, na wangapi wamefariki. Alisafiri tena hadi bondeni kwa nauli yake, siku yake ya mapumziko, akakaa kwenye kigoda kile kile, akamwambia mama mfinyanzi kwamba jina la Bibi halitaandikwa, lakini yeye mwenyewe atakuwamo. Sisi tumeapa kutunza siri za sensa na sijui kilichojazwa kwenye dodoso la nyumba ile. Mama mfinyanzi ndiye aliyetusimulia, kwa hiari yake, kwamba karani alipofika kwenye swali hilo alimjibu kabla hajamaliza kuuliza.

Mwaka ule ule wa sensa ya pili wafinyanzi walituletea mtungi. Ni mrefu kuliko kiuno cha mtu, mwembamba, mdomo mpana, na haufai kwa maji wala nafaka. Waliufinyanga kwa ajili ya kusimamishia ramani zilizozungushwa. Umesimama kando ya meza yake kwa miaka ishirini, na mimi nimelalamika kwa miaka ishirini kwamba ramani za kuzungushwa zinakula nafasi na kwamba panya wanazipenda. Nitaendelea kulalamika. Lakini katika ghala langu hakuna droo fupi tena.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wakubwa na wadogo, tunamshukuru shemeji yetu fundi cherehani kwa kutuazima mke wake kila baada ya miaka kumi na kurudishiwa akiwa amechoka na ameungua jua. Tunawashukuru watoto wake wawili, ambao walijifunza kuhesabu kwa kuhesabu nyumba kwenye ramani za mama yao. Tunamshukuru Mzee wa Hatua, mahali alipo. Na tunakushukuru wewe, dada. Ulitufundisha kwamba mtu akiachwa, lazima apatikane mwingine wa kusema ni mimi niliyemwacha.

Sensa ijayo ni wiki saba tu kutoka leo. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wako hutakuwa upande wetu wa meza. Siku hiyo kaa mlangoni, vaa vizuri, ungoje. Karani atafika, na akikuuliza kazi yako, mwambie umestaafu, wala usimwangalizie ramani yake. Leo mpaka umechorwa kati yako na ofisi hii. Sisi tutatembea upande huu, wewe upande ule. Tukiita, dada, tuitikie. Tunakuombea uzee wa afya, nyumba yenye wageni, na siku ndefu za kupumzika.

Wageni wetu, wasifu huu mmeukuta pale mlangoni, umezungushwa na kufungwa uzi, ndani ya mtungi wa wafinyanzi. Nimezizungusha karatasi zote mwenyewe, mia mbili na arobaini, moja baada ya nyingine, na rula niliiacha nyumbani. Mkitoka hapa, tafadhali, msizikunje.